Mionzi Haina Hukumu ya Najisi

Miongoni mwa dhana zinazosikika katika baraza zetu, Marikiti na mitaa iliyo jirani, ni kuwa mtu aliyetibiwa saratani kwa mionzi hutoka hospitalini naye ni hatari kwa jamaa zake. Hutengewa kikombe na sahani yake, watoto hukatazwa kumkaribia, na mgeni ajapo kumjulia hali husimama mlangoni. Watu hawa hawamchukii mgonjwa wao. Wameipa mionzi hukumu ya najisi pasi na dalili.

Twasema: najisi ni kitu chenye dhati yake. Hushika nguo, huhama, na huondolewa kwa maji. Ama mionzi ya mashine ya hospitali, mfano wake ni mwanga wa taa. Taa ikizimwa, hausalii mwanga katika kanzu ya aliyekaa mbele yake. Ndivyo ilivyo pia eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, wala hakibaki mwilini cha kumdhuru mwingine.

Tena lau kila chenye mionzi kingekuwa cha kuepukwa, tungeanza na ndizi zinazouzwa Marikiti. Kwani ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hutoa mionzi. Nayo imo katika miili yetu sote. Ni nani basi atakayesalia wa kula naye?

Wala hatusemi kuwa mionzi haina madhara. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, waokotaji wa vyuma chakavu walichukua chombo cha tiba katika zahanati iliyoachwa tupu, kikavunjwa. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu uliong'aa gizani; watu wakaugawana, wakautia majumbani, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Huo ulikuwa unga, wenye kushika mikono na kuingia katika chakula. Hapo ndipo mfano wa najisi unapofaa. Vile vile mgonjwa wa tezi ya shingo aliyenyweshwa dawa yenye mionzi, madaktari humwamrisha ajitenge kwa siku maalumu, na ni wajibu kutii. Hata eksirei haitakiwi pasipo haja, na mwenye mimba na ampe daktari habari kwanza.

Tofauti hizi hazijulikani kwa kukisia. Huulizwa wenye ilimu yake. Dini yetu imetukataza kulifuata tusilo na ujuzi nalo. Anayesema, "Mimi najihadhari tu," na atazame hadhari yake inalipwa na nani. Inalipwa na mgonjwa, ambaye kumzuru ni haki yake juu yetu, naye anakula peke yake katika nyumba yake mwenyewe. Na mwingine akiyaona hayo huikimbia tiba, akaogopa kutengwa kuliko maradhi. Hiyo si hadhari tena, ni dhuluma.

Basi mwenye mgonjwa na amwulize daktari: Je, kuna kitu kilichobaki mwilini, au ulikuwa ni mwanga uliopita? Akiambiwa umepita, na amwite mgonjwa wake kwenye sinia, ale pamoja na watu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuongoa.