TAFAKURI YA RAMADHANI, KUMI LA MWISHO: Anayefunga na anayekikimbia chakula



Mama mmoja kanitumia swali, na kaniruhusu nilijibu hapa bila jina. Binti yake yuko mwaka wa pili chuoni. Magharibi ikiadhiniwa anakula tende moja na maji, anasema kashiba. Daku haamki. Mwaka jana baada ya Idi aliunga Sita ya Shawwal, akaja Jumatatu na Alhamisi, kisha ikawa karibu kila siku. Amekonda, nywele zinakatika, na mwezi mzima huu mama hajamwona hata siku moja ya udhuru. "Ustadhi, nifurahi au niogope?"

Nimemwambia aogope.

Wengine mtashangaa. Mbona kila siku tunahimizwa kupunguza kula? Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa Muhimbili, kabla hajawa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, alitusomesha sana habari za sukari, wanga na kukaa saa nyingi bila kula. Sisi wenye vitambi somo hilo linatuhusu (na futari zetu za kaimati, tambi na mihogo ya nazi kwenye sahani moja!). Lakini dawa ya mwenye kitambi si dawa ya mtoto aliyebaki mifupa.

Tena kupungua mwili hakuharibu funga. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema mwenye kutawadha kwa nia ya udhu, na pamoja nayo akataka kujiburudisha na joto, udhu wake unasihi. Kwa hiyo anayefunga kwa ajili ya Allah na akafurahi suruali kumlegea, funga yake ipo. Swali la binti huyu ni zito zaidi ya hapo.

Funga ina ncha mbili: kujizuia, na kufungua. Mtume (s.a.w.) alihimiza kuharakisha kufuturu, akatuambia daku ina baraka, na akakataza wiswali, yaani kuunganisha siku kwa siku bila kula. Hakuiacha njaa iwe ndiyo ibada. Basi usimpime mtu kwa saa alizokaa na njaa. Mtazame adhana ya Magharibi inapotoka. Aliyefunga anafurahi. Anayekikimbia chakula ndiyo kwanza anaingiwa na hofu: anahesabu, anasukuma sahani, anasingizia tumbo.

Salman al-Farsi alimkuta ndugu yake Abu Dardaa amefunga sunna, mke kamsahau, mwili kausahau. Akakataa kula mpaka naye ale. Abu Dardaa akala. Salman akamwambia kuwa nafsi yake na mkewe wana haki juu yake, na habari ilipomfikia Mtume akasema Salman kasema kweli. Angalieni: siku ile kula ndiko kulikuwa sawa, na kufunga kulisubiri.

Woga wa chakula ukifika hapo ni ugonjwa, madaktari wanaujua, na unaua. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Daktari mwaminifu akisema asifunge, hafungi, akipona atalipa. Asiambiwe imani yake ndogo. Kwa mgonjwa wa namna hii, kula mchana wa Ramadhani huenda ndiyo jihadi yake.

Na sisi wazazi tuangalie ndimi zetu. Mtoto anarudi likizo, salamu ya kwanza: "Umekuwa bonge, nani atakuoa?" Shangazi anacheka, binti anacheka, usiku hali. Tunaona utani.

Mama, usimlazimishe mbele ya watu. Kaa naye, mle pamoja, kidogo kidogo. Wiki hii hii mpeleke hospitali ya rufaa, Temeke, Mwananyamala au Amana, mweleze daktari mambo yote, na la hedhi usilifiche. Muhimbili ipo idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si aibu.

Mabinti wenye swali kama hili wanaweza kuonana na Ustadhati baada ya Alasiri, upande wa kina mama. Hatauliza jina.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.