Mahakama Inapofika Madhabahuni

Kabla jaji hajauliza nani ana haki, hujiuliza kwanza kama shauri ni lake. Mawakili wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua mchezo huo: kesi inaweza kuangushwa kwa pingamizi la awali hata kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Nchini Marekani majimbo 50 yana mahakama zake na serikali ya shirikisho ina zake, kwa hiyo swali hilo ni kubwa zaidi. Mara kadhaa limewafikisha majaji mahali wasipopenda kukanyaga, yaani kwenye imani za watu.

Mpangilio wa mahakama za shirikisho hauna ugumu. Chini ziko mahakama za wilaya 94, zinazosikiliza mashahidi. Juu yake kuna mahakama za rufani 13, na kileleni Mahakama ya Juu yenye majaji tisa, ambayo huchagua yenyewe karibu kesi zote inazosikiliza. Talaka, mirathi, wizi na mauaji kwa kawaida hubaki kwa majimbo. Mahakama za shirikisho huingia pale inapoguswa Katiba au sheria ya taifa, serikali ya shirikisho inaposhtaki au kushtakiwa, au watu wa majimbo tofauti wanapogombana.

Hicho kigezo cha mwisho ndicho kilicholifikisha mahakamani kanisa moja la Louisville, Kentucky.

Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri uliagiza kwamba wanaoamini utumwa umeamriwa na Mungu watubu kwanza ndipo wapokewe. Waumini wa kanisa hilo, Walnut Street, wakagawanyika, kila upande ukidai jengo ni lake. Mahakama za jimbo zikaupa ushindi upande uliokuwa ukipingana na Mkutano Mkuu. Lakini miongoni mwa walioshindwa walikuwamo waumini waliokaa ng'ambo ya mto Ohio, katika jimbo la Indiana. Hao ndio wakawa walalamikaji, na kwa kuwa walalamikiwa walikuwa wa Kentucky, mlango wa mahakama ya shirikisho ukafunguka. Mto ulifanya kazi ambayo Biblia ilishindwa kuifanya.

Mwaka 1872 Jaji Samuel Miller wa Mahakama ya Juu aliamua kwamba si kazi ya majaji wa serikali kupima nani anashika mafundisho sahihi. Kanisa lenye ngazi za uongozi likishaamua, mahakama ipokee uamuzi huo. Wenzake wawili walikataa, wakisema kesi haikupaswa hata kufika huko. Maneno ya Miller yanasikika kama unyenyekevu, lakini jengo lilikuwa moja na funguo zilimwendea mtu. Kwa kukataa kuhukumu mafundisho, alikuwa ameamua kwamba mwenye sauti ni uongozi wa juu, si waliokaa kwenye mabenchi. Safari hiyo waliofaidika ni wapinga utumwa. Kanuni hiyohiyo inaweza kumlinda askofu dhalimu.

Kesi nyingine, ya familia ya Ballard, ililetwa kwenye mahakama za shirikisho na posta. Guy Ballard, mwanzilishi wa dhehebu lililotangaza uponyaji wa kimiujiza, alifariki mwaka 1939. Mkewe Edna na mwanawe Donald wakashtakiwa huko California kwa utapeli, na kwa kuwa barua zao zilipita posta, kosa likawa la shirikisho. Jaji wa wilaya aliwaambia wananchi waliokaa kuamua kesi wasiulize kama Yesu alikuja kweli kuwasemesha washtakiwa, bali kama washtakiwa wenyewe waliamini hivyo. Wakatiwa hatiani. Mahakama ya rufani ikasema ukweli wa madai ulipaswa kupimwa. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaikatalia, kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Robert Jackson hakuridhika: utaupimaje unyofu wa mtu bila kuipima kwanza imani yake? Hakuna aliyemjibu vizuri hadi leo.

Zanzibar ilishika njia nyingine. Katiba yake ya 1984 inasema mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama za Kadhi hayapandi hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kadhi anahukumu kwa fiqhi bila kuona haya, na Muungano unabaki nje.

Marekani haina kadhi, na Waapache, wenyeji wa asili wa Arizona, wamelipia hilo. Chi'chil Biłdagoteel, au Oak Flat, ni mahali pao pa ibada, ambapo wasichana huingizwa utu uzima. Sheria ya mwaka 2014 iliamuru ardhi hiyo ipewe kampuni ya kuchimba shaba, na uchimbaji utaacha shimo lenye upana wa karibu kilomita tatu. Waapache walishtaki, wakashindwa katika mahakama ya wilaya. Mwaka 2024 wakashindwa tena kwenye rufani, kwa kura sita dhidi ya tano. Hakuna aliyewaambia imani yao ni ya uongo. Waliambiwa ardhi ni ya serikali, na serikali ikiigawa mali yake haimlazimishi mtu kuacha dini.

Mei 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuwasikiliza. Jaji Neil Gorsuch, akiungwa mkono na Clarence Thomas, aliwaambia wenzake kwamba kama serikali ingetaka kubomoa kanisa kuu la kihistoria kwa hoja dhaifu namna hiyo, wangepata muda wa kuisikiliza kesi.