Siku Inayoitwa Ufufuko



Anayejifunza Kirusi hukutana mapema na siku za juma. Dominika inaitwa voskresenye. Yaani ufufuko! Neno lilelile, herufi moja tu imebadilika.

Mwaka 1929 serikali ya Kisovieti iliondoa juma la siku saba makazini, Dominika ikawa siku ya kazi kama nyingine. Mwaka 1940 juma lilirudi, na jina lake likiwa hai. Mwaka huohuo aliingia huko Padre Walter Ciszek, Mjesuiti Mmarekani aliyesomea Kirusi Roma. Alikamatwa 1941, akapelekwa kambini, akaadhimisha Misa kwa siri.

Nasi tunasema “Dominika”, siku ya Bwana, halafu tunalala mpaka saa nne, eti mechi ilichelewa kuisha. Jamani! Kesho utaamka saa ngapi?