Vitu Vitatu na Begi Lisilojaa

Krismasi iliyopita stima ilipotea Gachoka kwa siku mbili, ndipo binamu zangu wakakubali hatimaye kucheza Dungeons & Dragons. Kabla ya hapo nilikuwa yule mtu wa Nairobi anayeongea na majoka. Tuliketi sebuleni kwa shangazi, taa ya sola katikati ya meza, dadu kwenye bakuli la kuchagulia ndengu. Shangazi alipita na chupa ya chai, akasikia mtu akitaja pete ya uchawi, akasimama. "Mnaongea nini usiku huu?" Nikamwambia ni mchezo tu, tata. Akatuombea hata hivyo, kwa sauti, na hakuharakisha.

Kama hujawahi kucheza, mambo ni haya: mtu mmoja anasimulia, nyinyi wengine ni mashujaa ndani ya hadithi, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani 1974. Njiani mnaokota vitu vyenye nguvu: upanga unaowaka moto, viatu vya kumwezesha mtu kupaa, mkufu unaozuia sumu. Sasa, katika toleo la tano, la 2014, vingi vya vitu hivyo havikutumikii mpaka uketi navyo kama saa nzima mzoeane, na huwezi kuzoeana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Ukitaka cha nne, achana na kimoja.

Mdogo wangu alipinga sheria hiyo kabla hata sijamaliza kuieleza. "Ati nimekipata kwa jasho langu, halafu kitabu kinaniambia nisikitumie? Hiyo ni siasa."

Jibu ambalo wachezaji wengi hutoa ni usawa. Katika toleo la tatu, la 2000, shujaa alivaa kitu cha uchawi karibu kila sehemu ya mwili: kichwani, shingoni, kiunoni, miguuni, pete mbili vidoleni. Wachezaji wenyewe walimcheka, wakamwita mti wa Krismasi. Mmoja akishameremeta hivyo, wengine mezani wanabaki kumpigia makofi. Ni jibu zuri, lakini kwangu haligusi kiini.

Mimi nilimjibu mdogo wangu kwa mwiko. Huku kwetu, na kote Afrika Mashariki, ni nadra kusikia habari ya dawa yenye nguvu isiyokuwa na masharti yake. Maji aliyotoa Kinjikitile kule Ngarambe mwaka 1905 yalikuja na miiko, na mmojawapo, kwa jinsi ilivyosimuliwa baadaye, ulikuwa kutopora. Tunajua risasi za Wajerumani zilifanya nini. Ninachokitazama mimi ni ile fikra kwamba kitu chenye nguvu kinakudai, na kila ukiongeza kingine unaongeza deni. Mtu mwenye dawa kumi ana miiko kumi ya kukumbuka asubuhi akiamka. Hapo tatu inakuwa hesabu ya kile ambacho nafsi moja inaweza kukitunza kwa uaminifu. Nilijisikia mwanafalsafa kabisa. Mdogo wangu akasema, "Sawa bro, tuendelee."

Tukaendelea. Mimi nilikuwa paladini, yule mpiganaji aliyekula kiapo cha kutenda haki. Nilikuwa na vitu vyangu vitatu: upanga, ngao, pete. Pia nilikuwa na lile begi ambalo kila mchezaji analiota, linalomeza zaidi ya kilo mia mbili ilhali mgongoni halizidi saba. Ndani yake niliweka vile vilivyozidi: viatu, joho, mkufu wa sumu. Sheria iliniruhusu. Sheria inakataza kuzoeana na cha nne, haisemi neno kuhusu kukifungia.

Mdogo wangu alikuwa mpelelezi wa kundi, ndiye anayetangulia kuingia gizani. Alikuwa na upinde wa kawaida na hakuwa na kitu kingine. Mlangoni mwa pango akaniambia, "Nipe huo mkufu, wewe hata hauvai." Nikamwambia ngoja kwanza, huenda nikauhitaji mbele. Akaingia. Kulikuwa na buibui. Dadu ikaanguka vibaya, ikarudia, na sumu ikamuua mhusika wake hatua chache kutoka mahali nilipokuwa nimesimama na mkufu ndani ya begi. Binamu zangu walicheka mpaka wakakohoa. Yeye pia alicheka. Akaanza kuchora mhusika mwingine.

Usiku sikulala vizuri, na najua inachekesha, mtu mzima kukosa usingizi kwa sababu ya buibui wa kubuni. Nilikuwa nikikumbuka kanuni ya zamani, ya kitabu cha wachezaji cha 1978. Humo paladini alikatazwa kumiliki zaidi ya vitu kumi vya uchawi: vazi moja la vita, ngao moja, silaha nne, vingine vinne. Cha kumi na moja hakiendi beginini, kinaondoka mikononi mwake. Na sehemu ya kumi ya mapato yake alipaswa kuitoa. Kanuni hiyo ilikuwa inamtazama yule aliyesimama karibu naye. Ya kisasa inamtazama shujaa peke yake na nafsi yake, kama nilivyofanya mimi na hotuba yangu ya miiko.

John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu ana haki ya kuchukua kadiri anavyoweza kutumia kabla hakijaharibika; matunda yakiozea kwako, umechukua fungu la mwingine. Halafu akaona kwamba pesa haiozi, kwa hiyo mtu anaweza kulimbikiza bila kuonekana ameharibu chochote. Vitu vya uchawi pia haviozi. Mkufu ungeweza kukaa beginini miaka mia na kutoka ukiwa mpya. Hakuna harufu ya kukuaibisha.

Hatimiliki nayo haiozi.

Asubuhi nilitembea na mdogo wangu hadi shambani. Zamani, wazee wa Mbeere wanasema, watu walilima mahali, udongo ukichoka wakahama, pori likarudi. Kisha ardhi ikapimwa na kuandikishwa, na katika miaka ya 1970 koo zilivutana vikali kuhusu nani alifika kwanza wapi. Jack Glazier, mwanaanthropolojia aliyeishi huku wakati huo, alichapisha kitabu kizima kuhusu mivutano hiyo mwaka 1985. Guka alitoka humo na kipande chake. Baba alikigawa mara mbili. Nusu ya mdogo wangu ina muguka, ndengu na maembe machache. Nusu yangu ina vichaka, na mbuzi wa watu.

Miaka mitatu iliyopita aliomba ailime. Kuilima tu ningemkubalia, ila alitaka tuandikishane, kwa sababu hawezi kuweka pesa ya maji na ua kwenye shamba ambalo siku moja nitaamka nikaliuza. Nilimjibu kwa simu, nikiwa kwenye matatu Thika Road. Nakumbuka maneno yangu sawasawa kwa sababu ni yale yale niliyoyarudia mlangoni mwa pango.

Kuna utetezi, na si wa kipuuzi. Kazi ya Nairobi inaweza kuisha Ijumaa yoyote. Kipande hiki ndicho kitu pekee kitakachonipokea nikirudi mikono mitupu. Hofu hiyo naiheshimu, ni yangu. Lakini hata paladini wangu alikuwa na hofu ya aina hiyo, na aliyeingia gizani alikuwa mwingine.

Tulisimama kwenye mpaka. Hakutaja mkufu wala shamba. Alinionyesha mahali ambapo mbuzi wamevunja ua, akaokota kijiti, akauziba.

Hati iko Nairobi, ndani ya bahasha, chini ya masweta. Nimemwambia tutaongea Pasaka. Amenijibu kwamba kufikia Pasaka ndengu zitakuwa zimeshapandwa.