Kiti cha Mbele



Nianze kwa kuungama. Mwaka jana, siku ya harambee ya paa, nilifika hapa kanisani Mbololo na suti yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye vile viti tunavyofunika vitambaa vyeupe na kuwekea maji ya chupa. Kiti nilichokizoea kilikuwa na mgeni. Kijana mhudumu akaninong'oneza, "Mzee, leo tutakuomba ukae pale na washirika wengine." Nikakaa, lakini moyoni sikukaa. Andiko lililosomwa siku ile silikumbuki hata moja. Nilikuwa nahesabu ni nani yuko mbele na ameokoka lini.

Jioni nikamkuta mama mmoja nyuma ya kanisa anasuuza mitungi. Maji yote tuliyopikia na kuoshea vyombo siku ile aliyaleta yeye na watoto wake. Na maji ya huku kwetu nyote mnayajua. Bomba la Mzima linapita kaunti hii likipeleka maji Mombasa, na sisi tunapanga foleni na mitungi. Nikamuuliza wakati wa ibada alikuwa ameketi wapi. Akacheka. "Kuketi? Niliketi saa ngapi, mzee?"

Swali limenikaa tangu siku hiyo, na kwa vile mwezi ujao tunachagua wazee wa kanisa, nimeona niliandike. Yesu alifundisha kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi. Sasa, nikitumika ili niwe mkubwa, je, nimetumika? Ama nimetafuta tu njia ya mzunguko ya kufika kwenye kile kile kiti?

Soma Marko 10 kuanzia mstari wa 35. Yakobo na Yohana wanaomba kuketi mmoja kulia na mwingine kushoto kwa Bwana katika utukufu wake. Tumezoea kuwalaumu hao wawili. Lakini angalia wale kumi: walikasirika. Kwa nini wakasirike, kama kiti hawakukitaka? Mimi nilipokuwa nanuna kwenye harambee nilijiona mtu wa haki, kumbe nilikuwa mmoja wa wale kumi.

Halafu endelea mpaka sura ya 15, mstari wa 27. Pale ndipo tunapokuta ni nani waliokuwa kulia na kushoto kwa Yesu. Wanyang'anyi wawili, juu ya misalaba. Hivyo ndivyo viti wale ndugu walivyokuwa wakiviomba bila kujua, na ndiyo maana Bwana aliwaambia hawajui wanaloomba. Yakobo alikuja kukinywea kikombe hicho kweli. Matendo 12 inasema Herode alimwua kwa upanga.

Mtu ataniambia hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu, hapa jirani Uganda. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule, mtoto wa Mucwini kule Acholi, akaokoka mwaka 1948. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Hicho ni kiti kikubwa, sijui kama kuna mzee kati yetu angekikataa. Lakini ilikuwa ni Uganda ya Idi Amin, watu wanachukuliwa usiku na hawarudi. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji hayo. Tarehe 16 mwezi huo huo wakaitwa Kampala mbele ya wanajeshi. Maaskofu wengine wakaambiwa waende nyumbani. Yeye akabakizwa. Serikali ikatangaza amekufa katika ajali ya gari, na waliouona mwili walikuta matundu ya risasi.

Huwa nafikiria ile dakika wenzake walipotoka akabaki peke yake. Kile nacho kilikuwa kiti cha mbele. Siku ile hakuna aliyemwambia kijana mhudumu, "Hapo ni pangu."

Sisemi tusiwe na viongozi. Kanisa bila mpangilio wajane wake hulala njaa, ndiyo ilikuwa kesi ya Matendo 6. Na mitume hawakusema kugawa chakula ni kazi ya yeyote tu. Walitaka watu waliojaa Roho na hekima. Majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki, maana yake inaelekea waliokabidhiwa meza walitoka upande ule ule uliokuwa ukinung'unika. Hapo bado tuna kazi. Sisi anayenung'unika tunamwombea apate kunyamaza.

Basi majina yakianza kutajwa mwezi ujao, mimi nitauliza swali moja: huyu, tukimnyima cheo, Jumamosi itakayofuata atakuja? Na nikalianza kwangu mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilienda kwa yule mama alfajiri nikamwambia nimekuja kusaidia maji. Akaniangalia, akanipa mitungi miwili, hakusema kitu. Tukashika njia. Tulipokaribia barabara nikasikia pikipiki inakuja, na kabla sijajizuia, shingo ilikuwa imeshageuka kuona kama ni mshirika wetu.