Ndege wa Sokoke na Jiko Letu

Ndugu zetu Waislamu, baina ya Kilifi na Malindi, karibu na magofu ya Gede, pana msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kiasi cha kilomita mraba 420. Chini ya miti yake huishi ndege mdogo, wataalamu wamwita akalati. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 12, yaani nusu shubiri. Kifua chake ni cha manjano iliyokoza, na chakula chake ni wadudu awaokotao kivulini, karibu na ardhi. Wengi wetu tumezeeka hapa pwani bila ya kuisikia sauti yake.

Ndege huyu hapatikani ulimwenguni ila katika misitu michache ya Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Msitu ukikatwa, hana pa kuhamia.

Bundi akilia juu ya paa, twaingiwa na khofu, hata wengine huahirisha safari. Na Mtume s.a.w. amekwisha kutukataza kuamini mkosi wa ndege. Ajabu ni kuwa twaiogopa sauti isiyo na dhara, wala hatuliogopi suali tutakaloulizwa. Kwani Qur'ani, katika Suratul An'am, imetujulisha ya kuwa ndege nao ni umma mfano wetu.

Pengine mtu atasema: "Sisi tu watu wa mjini, hatuna shoka, jambo hili latuhusu nini?" Jawabu ni kuwa shoka halifanyi kazi ila kwa mnunuzi. Mkataji ni maskini atafutaye chakula cha wanawe. Lau asingepata wa kumuuzia makaa na boriti, asingeingia msituni usiku. Basi ni uadilifu gani huu, kumlaumu yeye barazani, na jikoni mwetu twapikia alichokikata?

Hatusemi watu wasipike. Twasema: mwenye kununua gunia na aulize limetoka wapi, na lisilojulikana asili yake aliache. Na mwenye kiwanja na apande mti, kwani Mtume s.a.w. ametufundisha ya kuwa anachokula ndege katika alichokipanda Mwislamu huwa ni sadaka yake. Tena tuwafundishe watoto wetu kuwajua ndege badala ya kuwaogopa.

Msitu ni amana, na amana haiombwi radhi baada ya kuteketezwa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza. Amin.