Mpaka Ukisogea Wenyewe, Nani Mwenye Kosa?

Ndugu msomaji, ukipita katika vitongoji vyetu vya Kibaha na Kisarawe, tangu Mlandizi hadi Maneromango, utaona kwamba wengi wetu hatujengi ukuta wala hatuzungushii viwanja vyetu seng'enge. Twapanda mkonge. Wala hatukosei. Mmea huu ni kijani mwaka mzima, hauogopi mchanga wetu wala kiangazi chetu. Majani yake husimama kama panga, na kila jani lina mwiba nchani, hata mbuzi hupita kando.

Mkonge si mwenyeji wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, navyo vilivyobaki hai hata kupandwa karibu na Pangani vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo vichache yalitokea mashamba makubwa ya katani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Basi tujue kwamba tunapanda kitu kinachoweza kuongezeka.

Swali ninalotaka tulifikiri pamoja ni hili: mpaka ukisogea bila mtu kuusogeza, je, yuko mwenye kosa?

Naanza na habari yangu mwenyewe. Mwaka 2009 nilinunua kiwanja upande wa Kisarawe. Mbele ya mashahidi tulipima kwa kamba, tukachimbia mawe, na juu ya mstari ule nikapanda mkonge. Jirani yangu ni mama mzee, mjane, mwenye mikorosho michache na shamba la mhogo.

Mkonge huzaa machipukizi kutoka mizizini, pande zote. Yale yaliyotokea upande wangu yalinichoma nilipopalilia, nami nikayang'oa kila mwaka. Yale ya upande wa pili hayakunisumbua, nikayaacha. Mkonge nao huishi miaka ipatayo kumi hivi. Kisha hutoa mlingoti mrefu kupita paa la nyumba, huchanua mara moja tu, na kufa. Mikonge yangu ya kwanza ilipokufa, walinzi wa mpaka waliobaki ni wale watoto waliosimama kwa jirani. Mimi nikalima mpaka miguuni pao.

Mwaka 2022, nikichimba mashimo ya mhogo, jembe liligonga jiwe. Lilikuwa lile jiwe la mwaka 2009. Kutoka pale hadi kwenye mkonge nilihesabu hatua tatu.

Nakiri kwamba nililifukia tena, na kwa muda wa majuma mawili moyo wangu ulinitetea kama wakili. Ulisema kwanza: hukusogeza wewe, mmea umekwenda wenyewe. Pili: mama yule halimi kipande kile. Tatu: hajalalamika hata siku moja. Na rafiki mmoja akaniongezea la nne, kwamba sheria ya nchi ya mwaka 1971 humpa mtu miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani, na akinyamaza zaidi ya hapo mlango hufungwa.

Tuyapime hayo. Sheria ile inasema habari za mlango wa mahakama. Haisemi kwamba aliyeingia shambani mwa mwenzake bila kujua, akishajua, hana la kufanya. Kuhusu kutolima: mtu hapotezi kilicho chake kwa kukosa nguvu za kushika jembe. Kuhusu kunyamaza: mwenye nguvu hufikiri kwamba kimya cha mnyonge ni ridhaa, kumbe huenda ni uchovu. Na lile la kwanza, lililonipendeza kuliko yote, ndilo lililoanguka vibaya zaidi. Mkonge haukwenda wenyewe. Niling'oa upande mmoja tu, ule ulionichoma mimi.

Torati yakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, nasi twafikiri habari za mtu anayekwenda usiku na sururu. Lakini nadhani yako makosa mawili. Kabla ya kuliona jiwe, kosa langu lilikuwa uzembe, tena uzembe wenye upendeleo. Baada ya kuliona na kulifukia, mimi ndiye niliyesogeza mpaka, ingawa sikugusa mkonge hata mmoja.

Nikaenda kupiga hodi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamweleza yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nilidhani ndivyo ulivyotaka. Na mimi sina mtu wa kumtuma."

Maneno yale yalinichoma kuliko mwiba. Miaka yote ile tumesalimiana asubuhi na jioni, tumezikana na kupelekeana chakula, naye alikuwa akiamini kwamba amepakana na mnyang'anyi. Hatua tatu za mchanga nimeweza kuzirudisha kwa siku moja, mbele ya mashahidi wawili. Kuaminiwa hakupimwi kwa kamba. Hata leo sijui kama kumerudi kote.

Ndugu zetu waliohamia huku kutoka Kilimanjaro wamekuja na masale, nayo yana majani marefu kama upanga na hayakauki. Kwao sale hupandwa mpakani, na jani la sale ndilo apelekalo mtu anapomwomba mwenzake msamaha, wala si rahisi kumkatalia. Naona wazee wale walielewa kwamba mahali penye mpaka ndipo pia msamaha utakapohitajika.

Basi, ndugu msomaji, siwashauri mng'oe mikonge yenu. Kila mwaka masika yakiisha, chukua panga na jembe, mwite jirani yako, mfukue mawe pamoja, mng'oe machipukizi pande zote mbili. Na kama jirani ni mzee au mjane, asiye na wa kumtuma, anza na upande wake.